Mfasiri wa Mzee Nahumu

Santo Otema hakuwahi kuwa mtu mkubwa, na mwenyewe angekuwa wa kwanza kukubali. Hakuwa na cheo wala shamba, na suti yake moja aliachiwa na bwana mmoja wa Kizungu aliyekuwa mfupi kuliko yeye, ndiyo maana suruali ilimwishia juu ya vifundo vya miguu. Alichokuwa nacho ni sauti. Katika miaka ya sitini, ungemsimamisha askari polisi yeyote wa Kampala ukamtajia jina la Santo, angekwambia papo hapo, "Yule wa sinema." Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya pazia na kipaza sauti mkononi. Filamu ilisema Kiingereza, naye aliwaambia watu kinachosemwa, kwa Kiswahili.

Kiswahili hicho alikipata utotoni. Baba yake alikuwa koplo wa Keya, jeshi la Waingereza, Mwacholi aliyehamishwa kambi hata kambi mpaka Nanyuki, na Santo alicheza na watoto wa Kikamba na wa Kinubi kabla hajajua kuwa duniani kuna mji wa kwao uitwao Gulu. Alipoajiriwa na ofisi ya filamu aliwakuta wenzake wanahangaika kutafuta maneno. Yeye yalimtoka tu. Kasoro yake ilikuwa moja. Alitia chumvi. Filamu ikisema ng'ombe huyu hutoa maziwa mengi, Santo angesema ng'ombe huyu alilea kijiji kizima na chifu akabakishiwa. Wakubwa walicheka, watu walicheka, na siku zile hakuna aliyedhurika.

Filamu iliyompatia jina ililetwa na Waisraeli, wakati walipokuwa marafiki wa serikali na walimu wa jeshi. Haikuwa ya kuigiza. Ilisimulia maisha ya kiongozi mmoja wa Kiyahudi, Nahum Birkental, aliyewahi kuwa waziri wa kilimo kwao. Ilianza na picha zake za utotoni katika nchi ya theluji, watu wake wakikimbia na mabegi. Kisha akaonekana kijana, anachimba mitaro kukausha kinamasi. Kisha bungeni, nywele zimemsimama, anagonga meza. Karibu na mwisho anamzika mkewe. Waombolezaji wanaondoka, mzee anabaki peke yake kaburini, kofia mkononi, upepo unapeperusha koti lake, na kwa nusu dakika nzima filamu haisemi neno.

Nusu dakika ya kimya, mbele ya Santo! Hakuweza kuistahimili. Mara ya kwanza alipoionyesha Nsambya, katika ukumbi wa kambi ya polisi, aliinua kipaza sauti akauliza, "Mzee Nahumu, umebaki na nani?" Mwanamke mmoja wa benchi za nyuma akaitikia, "Umebaki na sisi!" Ukumbi ukaangua kicheko, halafu ukanyamaza, halafu wengine wakafuta macho. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Filamu zilikuwa chache, hiyo ilirudi Nsambya kila baada ya miezi michache, na wake wa polisi waliishika kichwani kama sala. Santo akiuliza, wao wanaitikia. Yule mwanamke wa kwanza alikuwa Akwero, mke wa konstebo Odur, na Odur ndiye aliyekuwa rafiki mkubwa wa Santo pale kambini. Walipata mtoto wa kiume wakamwita Nahumu, wala hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka wa 1971 wanajeshi walitwaa serikali. Mwaka uliofuata Waisraeli walifukuzwa nchini kwa siku chache tu, wakaacha magari, nyumba na filamu. Mtoto wa Akwero akaanza kuitwa kwa jina la babu yake. Watu wa kaskazini, Waacholi na Walango, ambao siku zote ndio waliojaza jeshi na polisi, sasa walitembea wakijibana ukutani, maana walikuwa wanachukuliwa mmoja mmoja na hawarudi.

Odur alichukuliwa Jumanne, akitoka zamu. Gari lilisimama langoni mwa kambi, akaambiwa apande kwa dakika tano, akapanda na sare yake. Akwero alienda kila ofisi aliyoijua, na kila ofisi ilimwambia mumewe yuko safarini. Mwaka ukapita. Hakumlilia. Angemliliaje? Kulia ni kusema amekufa, na kusema amekufa ni kuulizwa nani amemwua, mbele ya watu wanaolijua jibu kuliko wewe. Kwa hiyo alikaa katika chumba chake cha Nsambya, akiwasikiliza wapita njia, na usiombe kuona macho yake gari liliposimama.

Oktoba 1973, vita vilipozuka kati ya Waisraeli na Waarabu, Kapteni Dawudi aliingia ofisi ya filamu. Alikuwa mtu mnene mwenye mikono midogo, aliyewekwa na serikali kuangalia mambo ya habari, na alikuwa ameikuta filamu ya Birkental kwenye orodha ya stoo.

"Wewe ndiyo Santo?" aliuliza kwa Kiswahili cha kambini. "Hii filamu ya Myahudi, wewe ulikuwa naonyesha watu?"

"Ndiyo, afande. Zamani, kwa amri."

"Sasa utaonyesha tena. Polisi lazima bajue adui. Picha ile ile, maneno mapya. Mimi nimeandika mwenyewe." Akampa karatasi mbili zilizopigwa taipu. "Jumamosi, Nsambya. Na wewe usiongeze kitu, usipunguze kitu. Mimi nitakuwa pale."

Santo alizisoma karatasi zile amesimama. Pale alipozoea kusema mtoto anakimbia nyumbani kwao, paliandikwa mwizi mdogo anajifunza kazi. Kwenye kaburi paliandikwa: *Adui yuko peke yake. Hapa watu wacheke.* Hakumwogopa Myahudi wala hakumpenda kwa siasa yoyote. Santo na siasa wapi na wapi? Lakini mzee yule alikuwa amekaa naye miaka mitano, na kumtukana kwa sauti ile ile iliyomsifu kulimtia aibu.

Aibu ilikuwa nafuu. La hatari zaidi lilisemwa na Kasim, Mnubi wa Kisenyi, dereva wa gari la sinema na mwendesha mashine, aliyefanya kazi na Santo tangu mwanzo.

"Banange, Santo, ndugu yangu," alisema Kasim, akifuta lenzi ya mashine kwa shati lake. "Hii maneno itatuua. Wamama ya Nsambya nakumbuka kila kitu. Picha ikifika pale kwa kaburi, hata kama wewe hauulizi, wao watajibu: umebaki na sisi! Mbele ya Kapteni! Halafu atauliza nani aliwafundisha."

Na aliyewafundisha ni nani? Santo hakulala vizuri siku tatu. Shingo yake, na shingo za wanawake arobaini wasiokuwa na kosa, zilikuwa zinaning'inia kwenye mazoea aliyoyaanzisha mwenyewe kwa sababu hakuweza kufunga mdomo kwa nusu dakika. Alhamisi alimweleza mkewe, Concy, kwa Kiacholi, jikoni, maji yakichemka ili majirani wasisikie.

"Baba Alal," Concy alisema, "mdomo wako huu! Nilikwambia tangu zamani." Lakini hakusema zaidi, maana hakuwa mtu wa kumpiga aliyekwisha anguka. Ijumaa asubuhi alikwenda na ndoo kwenye bomba la kambi ya Nsambya, akakaa huko mpaka wenzake wakamaliza kuteka, kisha akarudi. "Nimeongea nao. Hakuna atakayeitikia. Watafunga midomo kama wamewekewa maji ndani yake."

"Na Akwero?"

"Akwero ameniuliza kama ni lazima aje. Nimemwambia jina lake litasomwa kwenye orodha."

Jumamosi saa nane mchana madirisha ya ukumbi yaliangikwa blanketi za polisi, mlango ukafungwa, joto likawa la kupikia. Wanaume walikaa mbele, wake zao nyuma. Kapteni Dawudi aliketi kwenye kiti chenye mikono karibu kabisa na pazia, na nyuma yake alisimama sajini wake, Emile, Mwaluri mrefu mwenye kovu kidevuni. Santo alipomwona huyo alizidi kukosa amani. Mwaluri na Mwacholi husikilizana lugha.

Kasim akawasha mashine. Santo akasoma. Mtoto wa theluji akawa mwizi mdogo, mchimba mitaro akawa mnyang'anyi wa ardhi, mbunge akawa mbwa anayebweka. Alisoma kama karani anayesoma orodha ya magunia. Hakuna aliyekohoa. Wanawake walikuwa wameishika ahadi yao, waliishika mno, na baada ya robo saa Kapteni aligeuka kwenye kiti.

"Kwa nini hii watu nanyamaza? Mimi nilisikia watu ya Nsambya najibu sana kwa sinema. Leo nini?"

"Wanasikiliza, afande," Santo alisema.

"Wasisikilize tu! Wewe uliza, wao bajibu. Uliza: huyu ni nani? Bajibu: adui!"

Santo akauliza. Wakajibu. Lilikuwa jibu la watu wanaoitwa hospitali na hawataki kusikia jina lao. Kapteni akaguna, akageukia pazia, na kwa bahati mbaya filamu ilikuwa imefika makaburini.

Waombolezaji waliondoka. Mzee Nahumu akabaki, kofia mkononi. Santo akasoma, "Adui yuko peke yake. Mcheke."

Hakucheka mtu. Huwezi kumwambia Mwacholi amcheke aliyesimama kaburini. Hata angekuwa amekuibia ng'ombe wote, utangoja mpaka atoke pale ndipo mgombane. Kapteni alicheka mwenyewe, ha ha mbili, akageuka kutazama benchi za nyuma kama zitamfuata. Hapo ndipo Akwero aliposimama.

Hakuitikia yale maneno ya zamani. Alitoa sauti nyembamba ya msiba, ile inayoanzia chini na kupanda mpaka inapasuka, kisha maneno yakamfuata kwa Kiacholi. "Odur! Odur wangu! Walikuchukua langoni na sare yako! Nani alikufumba macho, Odur? Kaburi lako nitalitafuta wapi?" Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili na anautazama udongo ule wa ugenini kwenye pazia, mpya, umeinuka, wenye mtu wa kusimama juu yake. Mwaka mzima hakuwa ameona kaburi. Na mwanamke wa pili akasimama, naye mumewe alichukuliwa Pasaka. Na wa tatu. Na kabla Santo hajapata pumzi nusu ya ukumbi ilikuwa inalia kwa sauti, kila mmoja na wake.

"Zima!" Kapteni alipiga kelele. Kasim akazima, mtu akavuta blanketi moja, na mwanga ukaingia ukumbini wote wakiwa wamelowa nyuso. Kapteni alikuwa amesimama, mkono uko kwenye bastola. "Nalilia Myahudi? Hii wanawake nalilia Myahudi mbele yangu? Santo! Wao nasema nini?"

Santo alikuwa na kipaza sauti mkononi, nacho kilikuwa bado kinafanya kazi. Aliwatazama wanaume wa mbele. Wote waliinamisha vichwa, maana wote walisikia Kiacholi kile na wote walijua kinachoombolezwa. Kama angenyamaza, wanawake wangeondoka pale ndani ya lori. Kama angetafsiri kweli, wangeondoka vilevile, na yeye pamoja nao.

"Hapana, afande," alisema, na sauti ilitoka ile ya zamani, pana, ya raha, hata yeye ikamshtua. "Hawamlilii. Wanamlaani. Kwetu laana ndogo husemwa, lakini laana kubwa hutolewa kwa sauti ya msiba. Huyu mama anasema: wewe uliyechukua watu langoni kwao, nani atakufumba macho? Kaburi lako lisionekane."

"Na Odur? Nasikia Odur, Odur. Odur ni nani?"

"Ni mzimu wa kwao, afande. Wanamwita aje kumwadhibu."

Akwero alijua Kiswahili. Kilio chake kilikatika, akamgeukia Santo, na Santo hakuweza kumtazama.

Kapteni akamgeukia sajini. "Emile. Wewe najua hii lugha. Ni kweli?"

Emile aliwaangalia wanawake, benchi baada ya benchi, akamfikia Akwero akaacha macho yake hapo. Jasho lilimtiririka Santo mgongoni mpaka kwenye mkanda wa suruali.

"Ni kweli, afande," alisema Emile. "Ni laana mbaya sana."

Uso wa Kapteni ulifunguka. "Sasa hiyo ndiyo hasira! Kucheka kitu gani! Mama, endelea! Lia! Wote balie!" Akakaa, akakunja mikono yake midogo tumboni, akaagiza filamu irudishwe mpaka kaburini. Kwa hiyo wanawake wa Nsambya waliwalilia waume zao karibu saa nzima, kwa idhini ya serikali, mbele ya mtu wa serikali aliyekuwa anapiga makofi. Wote walilia isipokuwa Akwero. Yeye alikuwa amekaa.

Jioni hiyo Kasim alipokuwa anapakia mashine, Emile alikuja nyuma ya gari la sinema akajifanya anaomba kiberiti. Santo alimpa.

"Yule Odur," Emile alisema bila kumtazama. "Bibi yake ya nyumba asingoje. Odur alikufa ile siku moja, Jumanne, kabla ya jua kushuka. Mimi nilikuwa kwa ile gari. Aliomba maji. Nilimpa maji. Mwambie." Akarudisha kiberiti, hakuwasha sigara yoyote, akaondoka.

Kesho yake, watu walipotoka misa, Santo alipiga hodi kwa Akwero. Alimkuta anapepeta simsim, naye hakuacha.

"Shemeji, nimeletewa neno la Odur," alisema Santo kwa Kiacholi. "Alikufa siku ile ile waliyomchukua, kabla ya jua kushuka. Aliomba maji, akapewa."

Ungo ulisimama. "Nani kakwambia?"

"Siwezi kumtaja."

"Huwezi kumtaja." Akwero alicheka kicheko kibaya. "Miaka mitano Nahumu alikuwa mtu mwema, wewe ndiye uliyetuambia. Jana akawa mwizi, wewe ndiye uliyetuambia. Jana mume wangu akawa mzimu, mbele ya watu wote, na mimi nimesimama hapo! Leo unaniambia amekufa na kwamba walimnywesha maji. Wale watu! Maji! Kapteni amekutuma, Santo? Wanataka nihame chumba cha kambi?"

"Nilitaka kuwaokoa."

"Umetuokoa. Asante. Sasa nitajuaje mdomo wako unapookoa watu na unaposema kweli?"

Santo alitaka kuapa, lakini hata kiapo kilikuwa kitu cha kinywa kile kile. Akwero akaanza tena kupepeta, na yeye akaondoka. Aliumia kuliko alivyoogopa jana yake, na alijua anastahili.

Jumatatu alipeleka ofisini barua kwamba koo limeharibika. Haikuwa kweli, na Kapteni hakumtafuta, kwa sababu vita vya Oktoba viliisha kabla mwezi haujaisha na wakubwa wakapata mambo mengine ya kupigia kelele. Santo na Concy walihamia Ggaba, ziwani, akapata kazi ya kupima samaki kwenye mizani ya mchuuzi mmoja. Aliyemkumbuka na kumwomba asimulie kidogo sinema za zamani aliambiwa uzito wa sangara wake, basi. Ule uchangamfu ulikuwa umemwisha. Concy, aliyeulaumu mdomo ule miaka yote, alifika mahali pa kuutamani. Alisema nyumba imekuwa kimya kama stoo. Lakini Santo alikuwa na neno moja la kutunza, na alilitunza kwa kulirudia kila Jumanne, kimoyomoyo, kama alivyoambiwa, bila kuongeza neno wala kupunguza.

Aprili 1979 serikali ile iliangushwa. Mizinga ilinguruma siku kadhaa, kisha redio ikatangaza kwa sauti mpya, na Kampala ikajaa watu waliokuwa wanatafutana. Wengine walikwenda magerezani wakarudi na mtu, wengi wakarudi na nguo. Wiki ya tatu, sokoni Ggaba, asubuhi samaki wakimwagwa, Akwero alisimama mbele ya mizani. Nywele zilikuwa nyeupe upande mmoja. Miaka mitano na nusu hawakuwa wamesalimiana.

"Nimekwenda kote," alisema. "Milango yote iko wazi sasa. Hayumo." Akasogea karibu na mizani. "Lile neno uliloniletea. Niambie tena."

Santo aliondoa mikono kwenye mizani, akaifuta kwenye suruali. "Alikufa siku ile ile waliyomchukua, kabla ya jua kushuka. Aliomba maji, akapewa."

Akwero alilisikiliza mpaka mwisho, midomo yake ikifuatana naye, maana kumbe na yeye alikuwa amelitunza.

"Aliyanywa?" aliuliza.

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Santo. Lilikuwa neno dogo, la huruma, na hakuna ambaye angemlaumu. Mwanamke amesimama mbele yako na mikono mitupu, unamnyima ndiyo moja? Alifungua kinywa, akakifunga, akafungua tena.

"Sijui, shemeji," alisema. "Hilo sikuambiwa. Niliambiwa alipewa."

Akwero alimtazama usoni muda mrefu. Kisha akaketi juu ya kreti ya samaki katikati ya wachuuzi, akashika kichwa kwa mikono miwili, na akaanza kumlilia mumewe. Santo alisimamisha mizani, akaketi chini kando yake.